Kisima kinashuka, nyanya zinapukutisha maua: nifunge bustani?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mimi ni mama wa watoto 4, naishi Uyui, mkoani Tabora. Nina bustani pembeni mwa mbuga, yaani bonde la udongo mweusi, hatua chache kutoka nyumbani. Ina matuta 12, kila moja mita 1 kwa mita 8. Nimepanda nyanya, chainizi, mchicha, nyanya chungu na matembele. Juni na Julai nachuma mpaka nagawia majirani. Lakini kila mwaka ikifika mwisho wa Agosti mambo yanageuka. Maua ya nyanya yanapukutika, matunda machache yaliyobaki yanaoza kitakoni, majani yanapata rangi kama ya shaba, na chainizi inakimbilia kutoa maua. Nimeshapulizia dawa 3 tofauti za dukani, sioni nafuu. Kisima nacho kimeshuka. Nilikuwa nachota ndoo 30 kwa siku, sasa nikifikisha 10 linabaki tope. Baba watoto anasema nifunge bustani nisubiri mvua. Je, nifunge? Na hiyo chainizi iliyotoa maua, niiache nichume mbegu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifunge. Lakini baba watoto naye usimbishie sana, maana amekaribia: kwa maji uliyonayo sasa, matuta 8 kati ya hayo 12 yanatakiwa yapumzike, yabaki 4. Na dawa weka pembeni kwanza. Katika shida zote ulizozitaja, moja tu ndiyo ina mdudu ndani yake. Zilizobaki ni jua na kiu, na kiu haina dawa ya kupuliza.

Tuanze na ndoo. Nachukulia ndoo yako ni ile ya lita 20, kwa hiyo ndoo 10 ni lita 200. Mboga iliyokwisha kutanda, kwa jua letu la Septemba na Oktoba na huu upepo mkavu wa mashariki, inataka kama lita 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba, kila siku. Tuta lako lina mita 8 za mraba. Chukua lita 6 mara 8, unapata 48, yaani ndoo 2 na nusu hivi. Matuta 12 yanataka lita 576, ambazo ni ndoo 29. Ndiyo maana ulipokuwa unachota 30 ulikuwa huna habari, tena Juni na Julai mboga hunywa kidogo kuliko hapo. Sasa gawa ndoo 10 kwa 2 na nusu: matuta 4.

Wewe, bila shaka, umekuwa ukizigawa ndoo 10 kwa matuta yote 12, usionekane umeyatelekeza. Kila tuta linapata chini ya ndoo moja. Maji yanalowesha vidole viwili vya juu, saa 5 asubuhi jua limeshayachukua, na mizizi, badala ya kushuka chini kwenye ubaridi, inapanda juu kuyafuata. Ni kama kusonga ugali wa watu 4 ukawagawia watu 12. Usiku huo hafi mtu, lakini hashibi mtu pia, na ukifanya hivyo wiki tatu mfululizo wote wanakonda.

Kuhusu jua, kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua likiwa safarini kwenda kusini hupita juu ya utosi wetu wiki ya kwanza ya Oktoba. Simama uwanjani siku hizo kwenye saa 6 na nusu mchana, utaona kivuli chako kimejikunja miguuni. Wakati huo hakuna wingu la kukinga na hewa ni kavu. Ndiyo maana kwetu Oktoba inaunguza kuliko Januari, wakati Januari ndiyo watu wa kwingine wanaisema kwa joto. Miyombo porini yenyewe inachipua majani mekundu kabla ya mvua kwa sababu mizizi yake iko chini sana. Mche wako wa nyanya una mizizi ya shubiri moja au mbili. Usiudai ustahimilivu wa mti wa porini.

Sasa maua. Mchana ukipita nyuzi 32 siku nyingi mfululizo, chavua ya nyanya inadhoofika, ua halishiki tunda, kikonyo kinageuka njano pale kwenye kifundo na ua linadondoka. Ukame wa hewa na kiu ya mizizi vinaharakisha. Hakuna chupa dukani itakayolirudisha. Nyanya za kwetu zinazoshika vizuri ni zile zinazochanua Juni na Julai, usiku ukiwa wa kuvuta blanketi. Mwakani sia mbegu kitaluni Aprili, hamishia matutani Mei, na ikifika Agosti mwishoni uwe unamalizia kuchuma, siyo unasubiri maua.

Kuoza kitako kunastahili maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo fedha za wakulima wengi zinapotelea. Doa linaanzia chini ya tunda, upande ulio mbali na kikonyo. Mwanzo linaonekana kama limeloa, baadaye linakuwa jeusi, kavu, limebonyea kama ngozi ya ngoma. Wengi wakiona weusi wanasema ukungu, wanapuliza. Mimi mwenyewe nikiwa kijana, mwaka wangu wa pili kazini, nilimwandikia mzee mmoja dawa ya ukungu kwa tatizo hilohilo. Akapuliza wiki 3. Kilichoisha ni fedha yake, doa likabaki palepale, na hadi leo nikipita kwake ananikumbusha, anacheka. Ukweli ni kwamba tunda limekosa kalisi, madini yaleyale yaliyomo kwenye chokaa na mifupa. Kalisi inasafiri ndani ya mmea ikiwa imebebwa na maji. Ukimwagilia leo ndoo nzima, kesho ukakosa, keshokutwa ukaweka nusu, safari inakatika katikati. Majani, kwa kuwa yanavuta maji kwa nguvu juani, yanajichukulia kidogo kilichopo, na tunda linabaki mikono mitupu. Hata udongo ukiwa na kalisi ya kutosha inatokea hivyo. Dawa yake ni kumwagilia kwa kipimo kilekile kila siku, na kupunguza urea, kwa sababu inaongeza majani ambayo ndiyo wanyang'anyi wenyewe. Yaliyokwisha kuoza yachume. Kata doa, sehemu iliyobaki inaungia mboga vizuri tu.

Ile rangi ya shaba ndiyo yenye mdudu. Chukua karatasi nyeupe ya daftari la watoto, ishike chini ya jani lililobadilika, ligonge jani kwa kidole. Ukiona vumbi lililoanguka linatembea, ni utitiri mwekundu. Wakizidi utaona utando mwembamba kama wa buibui chini ya majani. Hawa wanapenda joto na ukavu kama mbuzi anavyopenda kupanda kichuguu. Na hapa nina mashaka na zile dawa zako 3. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa kwa wingi haziui utitiri, maana utitiri si mdudu wa miguu 6, ni ndugu wa kupe. Zinachofanya ni kuua wale wadogo wanaomla utitiri, na yeye anabaki peke yake uwanjani. Ndiyo maana baada ya kila dawa hukuona nafuu. Miche iliyokwisha kuwa ya shaba juu mpaka chini ing'oe, ichome mbali na bustani. Iliyoguswa kidogo ioshe chini ya majani kwa maji alfajiri, siku 3 mfululizo. Ukilazimika kutumia kitu, salfa ya unga wa kuchanganya na maji inamfaa, ila pulizia jioni jua likishapoa. Ikikutana na joto la mchana inaunguza majani. Na unapokagua, tuta lenye utitiri litembelee mwisho, kwa sababu wanapanda kwenye khanga yako unawahamisha mwenyewe.

Pia chungulia kama kuna mabaka meupe mapana ndani ya jani, yenye vinyesi vyeusi. Huyo ni yule nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014, wakulima wakambatiza jina la kantangaze. Hukumtaja, kwa hiyo huenda hayupo. Akiwepo, sababu ya kung'oa nyanya zote inakuwa kubwa zaidi.

Kabla sijasahau, tumbaku. Hukuniambia kama nyumbani kwenu mnalima, lakini Uyui ni nadra nyumba isiyokuwa na jirani wa tumbaku, na msimu huu ndio vitalu vyake vinawekwa pembeni mwa mbuga, kando ya visima hivihivi. Tumbaku na nyanya ni ndugu wa ukoo mmoja, na nyanya chungu yumo, na pilipili. Wanaambukizana. Ugonjwa wa batobato la tumbaku unatembea kwa mikono, kwa hiyo aliyeshika miche ya tumbaku, au anayevuta sigara, au bibi anayenusa ugoro, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya. Minyoo fundo nayo, ile inayovimbisha mizizi kama shanga, inaupenda sana mchanga wetu na inaula ukoo huo wote. Usipande nyanya palipokuwa na kitalu cha tumbaku mwaka jana. Kubwa kuliko yote: dawa ya kitalu cha tumbaku isiguse mchicha, hata kama imebaki nusu kopo na inaonekana ni hasara kuimwaga. Tumbaku hailiwi na watoto.

Yapi yabaki? Nitakupa maoni yangu, wewe unajua zaidi nyumbani kwako mnakula nini. Nyanya ningezing'oa zote isipokuwa ile miche yenye matunda yaliyokwisha kufika saizi ya yai, hiyo iachwe imalizie. Chainizi iondoke. Tuta la kwanza lishike mchicha. Mchicha unavumilia jua kali kuliko mboga nyingi za majani, na kutoka mbegu hadi sufuria ni wiki 3 hadi 4 tu. Sia nusu ya tuta leo, nusu nyingine baada ya siku 10, usije ukawa na rundo wiki moja na njaa wiki inayofuata. Tuta la pili lipewe bamia, kama hujawahi kuzipanda anza mwaka huu. Joto linalomtesa nyanya ndilo linalomnenepesha bamia. La tatu ni nyanya chungu uliyonayo. Ikate, acha shina la urefu wa goti na macho machache, weka samadi iliyooza, itachipua upya na kuzaa tena mvua zikiingia. La nne ningeligawa, nusu mgagani na nusu kunde za majani.

Matembele yatoe kwenye hesabu ya kisima kabisa. Yahamishie pale unapomwaga maji ya kuoshea vyombo na ya kuogeshea watoto. Hapo hayatakupa mboga tu, yatakutunzia mbegu. Wenzako wanaoacha marando yakauke ndio wanaohangaika kuomba ya kupanda viazi mvua zikinyesha.

Namna ya kumwagilia nayo ibadilike. Tuta lililoinuka linafaa masika, kwa ajili ya kutoa maji. Kiangazi geuza: chimba lishuke chini ya usawa wa ardhi kwa urefu wa kiganja, weka kingo pande zote, liwe jaruba dogo kama la mpunga. Maji yote uliyobeba kichwani yanabaki ndani, hakuna tone linalotiririka njiani. Mwagilia shinani, siyo juu ya majani. Kwa mchanga wetu ningegawa mara mbili, alfajiri na baada ya jua kushuka, kwa kuwa mchanga haushiki maji mengi kwa mkupuo. Kama upande wa chini wa bustani umeingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, huko unaweza kumwagilia kwa wingi siku moja na kuruka ya pili. Kwa bamia na nyanya chungu jaribu pia chungu cha udongo, kipya, kisichopakwa kitu: kizike mpaka shingoni katikati ya miche 4, kijaze maji, kifunike. Kinavuja polepole na mizizi inakizunguka yenyewe.

Halafu funika udongo. Watu wa Tabora wakisikia matandazo wanasema mchwa, na wana haki. Lakini niliyoyaona kwa macho yangu ni kwamba mwisho wa kiangazi mchwa anakata mche mbichi kwa kuwa hana kikavu cha kula. Ukimwekea nyasi anakula nyasi. Mimi napendelea maganda ya karanga, yamejaa kila kijiji kwetu na hayana bei, yatandaze unene wa vidole 3 ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, hapo nyunyiza majivu. Chunguza kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, nyoka naye anatafuta ubaridi siku hizi na bustani yako ndiyo mahali penye unyevu pekee.

Matuta 8 yanayopumzika yana kazi yake. Kama uking'oa nyanya umekuta mizizi ina vifundo, chagua matuta 2 au 3 mabaya zaidi, yalainishe, yaloweshe vizuri mara moja, uyafunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, siyo nyeusi, kingo zote uzizibe kwa udongo. Acha wiki 4 hadi 6. Jua lile la utosini linapika udongo, linapunguza minyoo fundo na mbegu za magugu. Najua maji yenyewe ni ya shida, lakini ni ya siku moja tu. Matuta mengine chimbia samadi na mabaki ya mboga, funika kwa udongo, yatakusubiria mvua. Pembezoni fyeka ukanda wa mita 3 au 4 usio na nyasi hata moja. Moto kichaa wa Septemba haubishi hodi, na uzio wa miiba ni kuni.

Kisima usikikaushe kwa mkupuo. Chota ndoo 5 alfajiri, 5 jioni, kipate muda wa kujaa. Kama mnafikiria kukichimba zaidi, mwisho wa Oktoba ndio wakati wake, maji yakiwa chini kabisa. Kisima kinachotoa maji wiki hiyo kitatoa mwaka mzima. Ila asiingie mtu peke yake, na asiingie bila kamba na watu wawili juu. Kuta za mchanga zinaporomoka bila kutoa taarifa.

Mvua ya kwanza, inaweza kuja mwisho wa Oktoba, usiiamini. Inanyesha siku mbili, watu wanapanda, kisha jua linarudi wiki 2 au 3. Endelea na ndoo zako mpaka Novemba iwe imeshika kweli. Kitalu cha mboga za masika unaweza kukianza mwanzoni mwa Oktoba, chini ya mwembe upande unaopata jua la asubuhi tu.

Na chainizi iliyokimbilia maua: hapana, usichume mbegu. Ukichukua mbegu ya ile iliyochanua mapema unapanda tabia ya kuchanua mapema, na kama kuna chainizi ya aina nyingine ya jirani iliyochanua karibu, ujue zinachanganyika kupitia nyuki na hutajua utavuna nini. Chuma maua yake machanga uyaunge na karanga, ni mboga tamu. Mbegu chuma ya mchicha. Chagua miche 5 yenye majani mapana ambayo imekawia kuliko yote kutoa kichwa, ifunge uzi mwekundu ili watoto wasiichume, subiri kichwa kikauke, kipukutishie kwenye ungo, upepete. Ikaushe kivulini siku 3, changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, weka kwenye chupa yenye kizibo, andika mwezi na mwaka, na uiweke mbali na jiko.